Kutu ya Jikoni Haianzi kwa Stuadi: Barua ya Wazi kwa Wenye Hoteli za Mwambao

Kwenu wamiliki, mameneja na maofisa ununuzi wa hoteli na mikahawa ya mwambao wetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, na visiwani Unguja na Pemba.

Waheshimiwa,

Najua mna mengi mezani, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye shauri langu. Jikoni mwenu mna meza, masinki, bemari, friza, fraya na hudi za kutolea moshi zilizotengenezwa kwa stenlesi. Mlivinunua kwa fedha nyingi, muuzaji akiwahakikishia kwamba havishiki kutu, na kabla mwaka haujageuka vikaanza madoa ya rangi ya chai iliyokolea. Hapo hutafutwa mkosaji, na mkosaji hupatikana upesi: stuadi wa jikoni, yule mwosha vyombo wa zamu ya usiku. Huambiwa ni mvivu, huandikiwa barua ya onyo, na kuna hoteli ambako thamani ya meza hukatwa katika mshahara wake kidogo kidogo. Nasema hukumu hiyo, mara nyingi, imekosea mtu. Sehemu kubwa ya kutu hiyo huwa imeshaagizwa ofisini, kwa aina ya chuma iliyochaguliwa, kwa dawa iliyonunuliwa, kwa maji yanayoletwa na kwa fundi aliyepewa kazi. Stuadi ni mkono wa mwisho tu kugusa kitu ambacho wengine walikwisha kukiharibu. Naomba mnisikilize kwa hoja, moja baada ya nyingine.

1. Tuanze na chuma chenyewe, maana ugomvi wote umesimama juu ya imani kwamba stenlesi haishiki kutu. Inashika. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromi isiyopungua asilimia 10.5, na kromi hiyo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, unaokifunika chuma kisilike. Harry Brearley alipoupata mchanganyiko wake huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Visu vya mezani vilikuja baadaye. Utando huo una sifa ya ajabu: ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi mahali pale pawe safi na hewa ipate kufika. Lakini una adui, naye ni kloridi, ile iliyomo katika chumvi ya bahari, katika achari, katika maji yanayochuruzika kwenye masanduku ya samaki, na katika dawa za klorini. Kloridi hupenya utando mahali padogo sana na kuchimba kitundu. Ndani ya kitundu hewa haifiki, asidi hujikusanya, utando hushindwa kujirudisha, na chuma kinaendelea kuliwa kwenda chini ilhali juu panaonekana nukta moja ya kahawia. Anayeifuta nukta hiyo kwa kitambaa ameondoa rangi. Shimo liko palepale.

Sasa tazameni mlipojenga. Waaustralia, wenye pwani ndefu na uzoefu wa miaka mingi wa jambo hili, huwaonya wajenzi wao kwamba madoa ya stenlesi hutokea zaidi katika eneo lililo ndani ya kilomita 5 kutoka ufuo wenye mawimbi. Hoteli ya Paje, Diani au Watamu haihesabu umbali wake na bahari kwa kilomita. Inauhesabu kwa hatua. Kusi ikivuma, upande wa mashariki wa Unguja hupokea unyunyu wa chumvi mchana na usiku, na jiko la wazi kando ya bwawa la kuogelea huupokea kwanza. Chumvi hiyo hutua chini ya meza, nyuma ya friza na katika miguu ya rafu, mahali ambapo mvua haisafishi na mkono haufiki. Kwa hiyo stuadi wenu anaanza kazi akiwa nyuma ya adui hata kabla hajashika dodoki.

2. La pili ni ununuzi, na hapa lawama inapanda ghorofani. Stenlesi si moja. Ile ya daraja 304 ina kromi kiasi cha asilimia 18 na nikeli asilimia 8, nayo ndiyo inayotarajiwa katika jiko la kazi. Ya daraja 316 imeongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na nyongeza hiyo ndiyo inayoisaidia kukabiliana na kloridi. Daraja 430 haina nikeli, kwa hiyo ni rahisi. Daraja 201 imepunguziwa nikeli na pengo kujazwa kwa manganisi, nayo pia ni rahisi. Siku ya kushushwa garini zote nne zinang'aa sawasawa, na kwenye ankara huandikwa "meza ya stenlesi", basi. Wapo wanaojihami kwa sumaku: ikinata, chuma hakifai. Kipimo hicho kinasaidia kuigundua 430, lakini 201 hainati sumaku, kama ambavyo 304 hainati, na tena 304 nzuri inaweza kuvuta sumaku kidogo pale ilipokunjwa. Anayenunua kwa sumaku peke yake anaweza kuikataa meza njema na kuipokea mbaya. Kinga iliyo ya kweli ni daraja kuandikwa katika oda, kuandikwa katika ankara, na muuzaji kuleta cheti cha kiwanda kilichotengeneza bati lenyewe.

Mtasema 316 ni ghali. Ni kweli, na sidai mjaze jiko zima. Nadai busara ya mahali. Jiko la nje, kaunta ya samaki, sinki la kuoshea dagaa na pweza, baa ya ufukweni: hapo 316 inastahili gharama yake. Ndani, mbali na upepo wa bahari, 304 inatosha. Daraja 430 ikae kwenye rafu za stoo kavu, na bei yake iwe ya rafu za stoo kavu. Hesabu inayowashinda wengi ni ile ya kununua meza ya bei nafuu mara mbili katika muda ambao moja ya haki ingedumu, kisha tofauti ikatafutwa katika mshahara wa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote jikoni.

Na maji je? Mwongozo unaotumiwa na wataalamu wa chuma hiki ni kwamba 304 huvumilia maji baridi yenye kloridi hadi karibu miligramu 200 kwa lita, na 316 hadi karibu 1,000. Maji ya bahari yana kiasi cha 19,000. Visima vingi vya pwani vimeingiliwa na bahari. Mnayajua maji hayo kwa ulimi, maana chai yake mgeni haimalizi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kloridi ikizidi miligramu 250 kwa lita huanza kuonekana katika ladha. Basi kama maji ya kisima yana chumvi inayoonjeka, tayari yamepita kiwango cha 304, na stuadi anayesuuza meza kwa maji hayo na kuyaacha yakauke yenyewe anaipaka meza chumvi kwa amri yenu. Kupima kloridi ya maji katika maabara ni kazi ndogo, na jibu lake lingemaliza nusu ya mabishano haya.

3. Nakuja kwenye dawa, na hapa nitakaa. Jikoni mwetu klorini imekuwa jibu la kila swali. Meza inafutwa kwa jiki, sinki linalowekwa jiki, sakafu jiki, matambaa jiki. Meneja akipita asubuhi akanusa klorini, huridhika kwamba usiku watu walifanya kazi. Stuadi naye, akijua pua ndiyo inayokagua, huongeza dozi. Hivyo ndivyo chuma kinavyouawa kwa nia njema. Kitambaa kilicholowa klorini kikisahauliwa juu ya meza usiku kucha, asubuhi huacha alama ya kahawia yenye umbo lake lilelile, kona kwa kona, mpaka mkunjo wa kitambaa unaonekana. Maji yametoweka, kloridi imebaki, na ilikuwa ikikolea kadiri maji yalivyokuwa yakikauka.

Nalijua pingamizi lenu, nalo ni zito: bwana afya anataka klorini, na kila tunaposikia kipindupindu kimeingia wilayani hakuna mwenye hamu ya kusikia habari za utando wa kromi. Nakubali kabisa kwamba meza ya chakula lazima iuliwe vijidudu. Lakini klorini haikati mafuta, na ikikutana na mabaki ya chakula nguvu yake huishia huko. Meza yenye mafuta iliyomiminiwa jiki inanuka usafi, ila si safi. Utaratibu ulio sahihi ni kuosha kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo na klorini, kusuuza, ndipo kupaka dawa iliyopimwa, kuiacha dakika chache, kupitisha maji safi na kukausha kwa kitambaa kikavu. Na kupima ndiko kunakokosekana. Chukueni dawa yenye klorini asilimia 3.5 na ndoo ya lita 10. Ili kupata sehemu 100 kwa milioni, kiasi kinachotosha kwa meza iliyokwisha kuoshwa, mnahitaji mililita 29, yaani pungufu kidogo ya vijiko viwili vya chakula. Marekani, kiwango cha juu kinachoruhusiwa juu ya meza ya chakula bila kusuuza ni sehemu 200 kwa milioni, kiasi cha vijiko vinne. Mtu anayemimina nusu lita katika ndoo hiyo amefika kwenye zaidi ya 1,600. Hajaua vijidudu mara kumi na sita zaidi. Ameila meza, ameila ngozi ya mikono yake, na ameipoteza fedha yenu.

Tena ukaguzi wenyewe unageuka dhidi yenu. Meza iliyojaa vitundu haioshiki vizuri, kwa kuwa uchafu hukaa ndani ya vitundu ambako dodoki halifiki. Yaani dawa iliyokusudiwa kuleta usafi imetengeneza makao ya uchafu. Kama mnaogopa kuiacha klorini, zipo dawa za jamii ya amonia ya kwatenari, zinazotumika sana katika majiko ya biashara na zisizokuwa na ukali huo kwa stenlesi. Na kwa vyombo vinavyoingia sinkini, maji ya moto ya nyuzi 77 kwa sekunde 30 hufanya kazi ya kuua vijidudu bila dawa yoyote.

Kuna jambo jingine katika hoja hii ambalo halihusu meza hata kidogo. Sinki likishika magamba ya chokaa, au vigae vikichafuka, hutolewa asidi ya chooni, ambayo mara nyingi ni asidi ya hidrokloriki. Mvuke wake peke yake huchafua stenlesi iliyo karibu. Ikikutana na jiki kwenye sakafu ileile hutoa gesi ya klorini, gesi iliyotumiwa kama silaha mjini Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Stuadi anafanya kazi hiyo saa sita za usiku, milango imefungwa, feni imezimwa ili kubana umeme, na maelezo ya hatari yameandikwa kwa Kiingereza kwa herufi ndogo mgongoni mwa dumu. Magamba ya chokaa hayahitaji ukatili huo. Siki, au ule unga mchachu wa asidi ya sitriki, huyatoa kwenye birika, kwenye bemari na ndani ya ovena ya mvuke bila kukidhuru chuma, mradi pasuuzwe vizuri baadaye.

4. Vifaa vya kusugulia nitavipita haraka. Stilwaya, au waya ya kusugulia masufuria, ni chuma cha kawaida. Ukisugua nayo, vipande vyake vidogo hukatika, hubaki kwenye meza na kushika kutu, na kila mtu huapa kwamba ni meza iliyooza. Nunueni madodoki ya nailoni, na mtu asugue kufuata mistari ya chuma, asiikate. Kilichoungulia kilowekwe kwanza. Anayesugua kwa nguvu ni yule aliyenyimwa muda wa kuloweka. Na ule mtindo wa kupaka mafuta ya kupikia ili meza ing'ae mbele ya wageni uachwe, kwani mafuta hayo hushika vumbi na chumvi yakavilaza juu ya chuma.

Fundi wa kuchomelea naye ana fungu lake. Meza nyingi za mitaani kwetu hutengenezwa vizuri kwa umbo, lakini greinda iliyokata mageti asubuhi ndiyo inayolainisha meza ya stenlesi mchana, kwa diski ileile. Chembe za chuma cha geti hupigiliwa ndani ya stenlesi na kuanza kutu wiki ya kwanza. Pale palipochomelewa, ile rangi ya buluu na kahawia inayoachwa na moto ni dalili kwamba utando wa hapo umedhoofika. Isipoondolewa, kutu itafuata mstari wa weldi kana kwamba imechorewa njia. Ukiona kutu iliyonyooka juu ya maungio, usimuulize stuadi. Muulize aliyepokea kazi ya fundi na kusaini.

5. Sasa sheria, kwa kuwa makato ya mshahara si suala la hasira za meneja. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika pale mfanyakazi alipokosa kwa makusudi. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inataka uharibifu uwe umetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu na hesabu yake, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Zanzibar ina sheria yake ya kazi, na wenye hoteli za huko mnayo ofisini. Linganisheni maneno hayo na kutu. Makusudi yako wapi kwa mtu aliyetumia dawa mliyompa, kwa maji mliyomletea, juu ya chuma mlichokichagua? Mwajiri anayekata mshahara kwa ajili ya kitundu cha meza anapaswa kwanza athibitishe daraja la meza hiyo, na wengi wenu hamna karatasi ya kulithibitisha.

Wengine mtanijibu kwamba mastuadi wazembe wapo. Wapo, kama wapo maofisa ununuzi wazembe na wapishi wakuu wanaoacha maji ya ndimu na ukwaju yakaukie mezani mpaka kesho. Sikatai mtu kuwajibishwa. Nakataa kumwajibisha kabla hajafundishwa, kabla hajapewa kikombe cha kupimia, na huku zamu yake imepangwa kuisha dakika ileile mgeni wa mwisho anapoinuka. Kukausha ndiyo hatua inayoiokoa stenlesi kuliko dawa zote, nayo ndiyo ya kwanza kurukwa muda ukibana. Na muda wenyewe hutumika vibaya: meza ya mbele ya wageni inasuguliwa mara tatu, wakati vichujio vya hudi juu ya jiko la mkaa vinadondosha mafuta. Kanuni za moto za Marekani zinataka hudi ya jiko la mkaa au kuni ikaguliwe kila mwezi. Ya kwenu ilikaguliwa lini? Meza chakavu ni hasara ya fedha. Hudi iliyojaa mafuta ni moto kwenye paa la makuti.

6. Ninayoomba yako ndani ya uwezo wenu. Oda yoyote ya kifaa cha stenlesi itaje daraja na unene wa bati, na isilipwe bila cheti cha kiwanda. Maji yanayoingia jikoni yapimwe kloridi mara moja kabla ya kaskazi na mara moja kabla ya kusi, na kama kisima kina chumvi, bomba la maji matamu lifike angalau kwenye sinki la kusuuzia na mahali pa kufutia meza. Stilwaya iondolewe kwenye orodha ya ununuzi. Asidi ya chooni ifungiwe stoo ya usafi wa nje na isivuke mlango wa jiko. Pembeni ya dumu la klorini kiwekwe kijiko cha kupimia na bango la Kiswahili lenye hesabu ya ndoo. Glavu zitolewe na mwajiri, kwa gharama ya mwajiri. Nusu saa ya kusuuza na kukausha iandikwe ndani ya zamu na ilipwe. Vifaa vya nje vioshwe kwa maji matamu kila siku katika majira ya upepo, hata kama hakuna aliyevitumia, kwani chumvi haisubiri oda ya chakula.

Hoteli nyingi za visiwani hupunguza kazi au kufunga kabisa wakati wa masika, Aprili na Mei, na huo ndio wakati wa kukarabati majiko na kuagiza vifaa vya msimu unaofuata. Anzeni hapo. Kabla hamjaandika oda mpya, mwiteni stuadi aliyekaa jikoni muda mrefu kuliko wote, mzunguke naye mkitazama chini ya meza, nyuma ya friza na kwenye kila weldi, naye awaonyeshe kutu inaanzia wapi, anajua. Kisha mfungue jalada la makato ya mishahara. Kila fomu iliyokata mtu kwa sababu ya kutu bila kuonyesha daraja la chuma, aina ya dawa na hali ya maji ichunguzwe upya, na fedha iliyokatwa bila haki irudishwe katika mshahara wa mwezi unaofuata.

Wasalaam,
Mwandishi wenu